Mama wa Ijumaa na Jumapili

Waheshimiwa mapadre na masista, mashehe mliotoka Malakia, wazee wa Rejaf, majirani wa Kator, na ninyi mlioshuka jana kutoka Khartoum mkiwa bado na vumbi la kule viatuni, familia imenikabidhi mimi Laku, mtoto wa mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Mama Mkubwa Faustina Kiden Lubajo, ambaye amelala hapa mbele yetu akisubiri tumalize maneno, subira ambayo enzi za uhai wake hakuwa nayo hata kidogo. Sehemu kubwa ya historia hii alinisimulia mwenyewe akiwa kitandani, na aliponiona nashika kalamu alinionya, "Laku, usinipake rangi kama ofisi ya serikali, sema ilivyokuwa," kwa hiyo atakayechomwa na maneno haya amlalamikie yeye, mimi ni msomaji tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1941, Rejaf, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Lubajo Pitia na Bi Yoana Jwan, na jina la Kiden alipewa kwa sababu alikuwa binti aliyekuja baada ya wavulana watatu mfululizo, akabatizwa Faustina katika misheni ya palepale mwezi uliofuata. Mzee Lubajo yeye hakubatizwa mpaka anaingia kaburini, aliendelea kuwatambikia wazee wake, Bi Yoana alisali rozari, na mjomba wao mkubwa alikuwa Mwislamu wa Malakia aliyeuza sabuni, na siku ya kuchinja mbuzi mjomba huyo ndiye aliyepewa kisu ili nyama ile iliwe na wote, wala hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kuandikwa mahali, ninaliandika mimi leo kwa kuwa limekuwa adimu.

Alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya wasichana ya misheni hapa Juba, akasoma vizuri, akajifunza kuhesabu, kushona, na kupiga pasi kanzu za mapadre kwa wanga mpaka zinasimama zenyewe, lakini mwezi wa Agosti 1955, askari walipoasi Torit na barabara zikajaa watu wanaokimbia, shule ilifungwa, na yeye hakuketi tena darasani. Tarehe 28 Aprili 1962 alifunga ndoa na Bwana Severino Wani Swaka, seremala wa meli za mtoni, baada ya ukoo wa Swaka kutoa ng'ombe, mbuzi na majembe ambayo wajomba waliyakataa mara mbili wakidai yamechakaa, na Mama Mkubwa alikuwa akisema kwamba ugomvi wa majembe yale ulimpa nafasi ya kumchungulia bwana harusi vizuri kutoka jikoni, akaridhika naye. Mungu aliwajalia watoto watatu, Tombe aliyezaliwa Juba tarehe 3 Februari 1963, Gore aliyezaliwa Khartoum tarehe 19 Oktoba 1968, na Poni, aliyezaliwa mwaka 1971 akachukuliwa na surua kabla hajatembea.

Nimetaja Khartoum kwa sababu Julai 1965, baada ya nyumba nyingi hapa Juba kuchomwa moto, Severino alipata kazi kwenye karakana ya meli huko kaskazini, nao wakahamia mtaa wa Deim, ambako Mama Mkubwa aliajiriwa mwaka 1969 kuwa dobi katika hospitali moja ya uzazi, kazi aliyoifanya, ukiacha miezi nitakayoitaja, mpaka mwaka 2010, na wapo akina mama hapa leo waliojifungulia kwenye mashuka aliyoyafua yeye. Jirani yao ukuta kwa ukuta alikuwa Hajja Batul Idris, mjane, mtu wa kaskazini kabisa, aliyekuwa akiishi na kaka yake, na kama ilivyo desturi ya nyumba za kule, ukuta uliotenganisha nyua zao ulikuwa na kijilango cha wanawake, ili mtu akipungukiwa chumvi au maneno apite bila kuzunguka barabarani.

Urafiki wa wanawake hao wawili ulishonwa na mtama. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, walilowesha mtama pamoja, wakautandaza juu ya gunia moja, wakaufunika mpaka uchipue, wakaukausha juani na kugawana kimea chake nusu kwa nusu, nusu ya Hajja ikawa hulumuru, kile kinywaji chekundu cha kufuturia ambacho hakuna nyumba ya Khartoum inayofunga bila hicho, na nusu ya Mama Mkubwa ikawa pombe ya kwetu ya harusi na ya matanga. Walitaniana kwamba mtama ule umezaa mapacha, mmoja kaenda msikitini mwingine kaenda ngomani, na Hajja alizoea kumwambia mwenzake, "Kiden, huyo pacha wako ana kelele, mfundishe adabu," naye akajibiwa, "Wa kwako naye hajacheka tangu azaliwe, mlete huku achangamke."

Mwezi wa Septemba 1983 serikali ilitangaza kwamba sheria ya dini ndiyo itakuwa sheria ya nchi nzima, ya wanaofunga na wasiofunga, chupa zikamwagwa mtoni watu wakitazama, na mijeledi ikagawiwa. Vita vilikuwa vimeshaanza huku kusini tangu Mei mwaka huo, kwa sababu nyingi, za madaraka, za mafuta, za ahadi zilizovunjwa, na mimi si mtu wa siasa, lakini nasema alivyosema Mama Mkubwa, kwamba watu wanaogombania madaraka wanaweza kuchoka siku moja wakaketi wakagawana, ila ugomvi ukishavalishwa jina la Mungu nani atathubutu kurudisha hata nusu? Deim, mtaa wa watu wa kila kabila, ulianza kunong'ona. Watu waliosalimiana miaka kumi na tano walianza kuangaliana vikapu.

Tarehe 11 Julai 1984, wiki mbili tu baada ya Ramadhani kwisha, Severino alianguka karakanani akafariki siku hiyohiyo, akazikwa kulekule Khartoum, na matanga yalipangwa kuondolewa Jumamosi tarehe 18 Agosti. Wenzetu wa makabila mengine mtusamehe, lakini kwetu Wabari tanga haliondoki kwa soda, mjane huketi na huzuni yake mpaka mwana wa kwanza amwage pombe ya mtama kwa ajili ya baba yake na watu wacheze, ndipo mjane anyanyuke, aoge, aruhusiwe kuendelea kuishi. Mama Mkubwa alilijua katazo, tena alimwambia Hajja kupitia kijilango, "Nitapika mtungi mmoja tu, mdogo, wa marehemu, wala sitauza hata tone," na Hajja, badala ya kumkataza, alileta gunia.

Askari waliingia uani Alhamisi tarehe 16, wakakuta mtungi unachemka na kimea kingine kimeanikwa. Nani aliyepeleka habari haikujulikana mpaka leo, na kutojulikana kwake kuliuharibu mtaa kuliko ambavyo kujulikana kungeuharibu, kwa sababu kila mtu wa Deim akaanza kutafuta kikulacho nguoni mwa jirani yake, watu wa kusini wakawashuku wa kaskazini wote, na wa kaskazini waliotuhurumia wakaogopa kuonekana wanatuhurumia.

Kesi ilisikilizwa Jumamosi ileile ya kuondoa matanga, katika moja ya mahakama zilizoitwa za haki ya haraka, na haraka walikuwa nayo. Mama Mkubwa alipoulizwa alijibu kwamba yeye si Mwislamu na pombe ni ya mume wake aliyekufa, watu wakaguna, ndipo Hajja Batul alipojipenyeza mbele, mama wa watu mwenye heshima zake, aliyekwenda Makka, akasema kwa sauti, "Mheshimiwa hakimu, kimea kile ni changu mimi, cha hulumuru." Hakimu akamtazama akamwuliza, "Mama, Ramadhani imekwisha juzi, hulumuru ya mwezi huu ni ya nini?" Hajja akajibu, "Ni ya mwakani, Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kujiandaa mapema," na ukumbi mzima ulicheka, hata askari wa mlangoni alicheka. Hakimu hakucheka. Naye alikuwa mtoto wa mwanamke wa Khartoum kama wengine, alijua kwamba mtama wa Agosti, wakati wa mvua, hauanikwi kwa ajili ya kuwekwa mwaka mzima, utaota ukungu kabla ya mwezi kuandama, kwa hiyo akaagiza Kitabu kiletwe aape.

Mama Mkubwa alinisimulia kipande hiki mara nyingi kuliko vyote. Hajja alinyoosha mkono, ukafika karibu, akaurudisha, akasema, "Kuapa uongo siwezi, namwogopa Mwenyezi Mungu kuliko ninavyokuogopa wewe, ila nasema hivi, mama huyu amefiwa, na ninyi mmemkuta akimlilia mumewe kwa namna aliyofundishwa na mama yake." Faustina Kiden alihukumiwa viboko ishirini na tano na kifungo cha miezi miwili, Batul Idris akahukumiwa viboko kumi kwa kuipotosha mahakama, na vyote vilichapwa palepale uani, mchana, mbele ya watu, wanawake wawili wenye watoto wakubwa, na miongoni mwa watu hao walikuwapo Tombe aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja na Gore wa miaka kumi na mitano.

Ndugu waombolezaji, Mama Mkubwa aliniagiza niseme wazi kwamba mgongo ulipona kwa wiki tatu na yeye binafsi alishausahau. Ambacho hakikupona ni kwamba wanawe wawili walisimama mahali pamoja, wakaona jambo moja, wakaondoka na mambo mawili. Tombe aliona dini iliyomchapa mama yake. Gore aliona dini iliyochapwa pamoja na mama yake. Tangu mchana ule mpaka anakata roho, miaka ishirini na minane na ushei, alikuwa na haja moja tu duniani, kwamba watoto hao wale tena kwenye sinia moja, na ninawaomba mliweke hilo moyoni ninapoendelea.

Tombe aliondoka Khartoum mwezi wa Septemba, mama yake akiwa bado gerezani, bila kuaga, akapita Malakal mpaka Ethiopia, akajiunga na wapiganaji wa kusini, na hakuwa peke yake, kwani katika mtaa ule, kila alipochapwa mama mmoja, vijana wawili watatu walitoweka, mpaka watu wakawa wanasema serikali inawatafutia waasi askari. Gore alibaki peke yake ndani ya nyumba, na kaka yake Hajja Batul, kwa aibu ya dada yake kuchapwa kwa ajili ya pombe ya watu wa kusini, alikuwa ameshaziba kile kijilango kwa matofali, lakini Hajja alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka barabarani, akamshika Gore mkono, akamwambia kaka yake, "Huyu atalala ndani, au mimi nitalala nje, chagua." Alimlisha, akamfulia, akamwuguza malaria, na mtoto anayelishwa huwa anatazama anayemlisha anaelekea wapi akisali. Mama Mkubwa alipotoka gerezani mwezi wa Oktoba alimkuta ametawadha. Alilia, hatuna sababu ya kuficha, alilia siku mbili, kisha akamwambia, "Omba, mwanangu, bora uombe," na Januari 1985 Gore alisilimu kwa hiari yake, mama yake akiwa amekaa mkekani pembeni ya Hajja.

Serikali ile ilianguka Aprili 1985, Mama Mkubwa akarudishwa kazini alikoachishwa alipofungwa, lakini sheria zilibaki vitabuni, kila aliyeingia madarakani akaogopa kuzifuta asije akaambiwa amemfuta Mungu, na vita vikaendelea kula watu. Mwaka 1990 Gore alikamatwa sokoni pamoja na vijana wengine, akavalishwa sare za jeshi, akaletwa kusini katika ngome ya Juba, akaambiwa hivi ni vita vya dini na yeye kama Mwislamu avipiganie, akapewa sepeto, akapangwa kwenye kikosi cha kutega mabomu ya ardhini pembezoni mwa mji. Mwezi wa Juni na Julai 1992 wapiganaji wa kusini waliushambulia mji wa Juba, na Tombe akiwa miongoni mwao, katika barabara ya Rejaf, barabara ya kwao, alikanyaga bomu tarehe 7 Julai, mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Habari ilimfikia Mama Mkubwa baada ya mwaka mzima, kwa mdomo wa mtu aliyetoroka vitani, na mtu huyo aliongeza neno moja ambalo hakuombwa, kwamba upande ule walikuwa wakitega kina Gore. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa wana wawili namna hii sijui ni nani aujuaye. Siku hiyo alikwenda kazini kama kawaida, akafua.

Mkataba wa amani uliposainiwa, Tombe alikuja Khartoum mwaka 2006 akiwa ofisa mwenye gari na mguu wa bandia, na Mama Mkubwa, aliyekuwa ameisubiri siku hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, alipika bamia kavu kwa nyama, akamimina kisra, ile mikate myembamba ya mtama, akatandika sinia moja sebuleni, akawaketisha wanawe uso kwa uso. Hawajala hata tonge, Tombe akauliza, "Ile barabara ya Rejaf, tisini na mbili, ulitega wewe?" Gore akajibu, "Tulitega wengi, kaka. Sijui." Tombe akasema, "Hujui, au hutaki kujua?" Gore akasema tena, "Sijui." Na mimi niliyewauliza wote wawili kwa wakati wao nawaambieni kwamba Gore alisema kweli, hajui, hakuna anayejua, mabomu hayaandikwi majina, na kwamba Tombe naye hakosei kuchukia jibu hilo, kwa sababu mtu aliyepoteza mguu anahitaji mahali pa kupeleka hasira yake. Tombe aliinuka akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana, na sinia lile Mama Mkubwa aliwapelekea majirani.

Mwanzoni mwa mwaka 2011, nchi ilipokuwa inakatwa vipande viwili, Mama Mkubwa alifunga mizigo akarudi nyumbani, na kuagana kwake na Hajja Batul pale kituoni kulikuwa kwa mzaha mtupu, kwa sababu wangeacha mzaha wasingeachana, Hajja akimwambia, "Nenda, na kule mkipata uhuru mnitumie kimea, cha huku kimekosa ladha." Hapa Juba Tombe alikuwa na nyumba ya matofali, Gore naye alikuwa amerudi na mke wake na watoto, akafungua karakana ya kuchomelea mageti kule Malakia, na kila mmoja alimtengea mama chumba. Alivikataa vyote, akaishi kwa mama yangu hapa Kator, kwa sababu alisema akihamia kwa mmoja atakuwa amemzika mwingine. Gore alikuja Ijumaa baada ya swala, Tombe alikuja Jumapili baada ya misa, wala hawakuwahi kukutana mlangoni, na ninyi majirani mkamwita Mama wa Ijumaa na Jumapili, naye akawajibu kwamba yeye ni wodi, ana saa zake za kuona wagonjwa.

Kuna jambo ambalo baadhi yenu mliokaa hapa mlilishuhudia na pengine mngependa nilipite. Mwezi wa Februari 2011, chini ya banda la parokia, kilifanyika kikao cha mtaa, watu wamelewa furaha ya kura ya kujitenga, wakasimama wasemaji wakataka nchi mpya iongozwe na Biblia peke yake, na kwa kuanzia akina mama wauza chai kutoka Malakia waondolewe kwenye soko letu, na aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Tombe, alisema, "Walituchapa, sasa ni zamu yao." Makofi yalipigwa. Mama Mkubwa aliinuka, mwanamke anayekaribia miaka sabini, akateremsha shela begani, akageuka, akawapa mgongo wenye makovu, padre akainamisha macho. Akasema, "Mjeledi huu ulitoka kwa watu waliokuwa na uhakika kama ninyi. Nani anautaka? Tombe mwanangu, unautaka wewe? Basi anza na mimi, kwa sababu mimi ni mama yake Gore." Kikao kilivunjika hapohapo, wauza chai wakabaki, na Tombe hakuonekana Jumapili tatu, ya nne akaja amebeba gunia la mkaa, akaliweka jikoni, akakaa.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Novemba 2012, miguu ikivimba na pumzi ikikatika, akatibiwa presha, ikaonekana baadaye kwamba figo zilikuwa zimeshindwa, akalazwa mara tatu, na mara ya tatu akaomba arudishwe nyumbani kwa maelezo kwamba shuka za hospitali ile hazikufuliwa na mtu anayejua kazi. Jumatatu tarehe 11 Machi jioni alituita, akasema, "Kaburi langu litakuwa Rejaf, na wachimbe Tombe na Gore, mtu mwingine asiguse jembe." Mama yangu akashtuka, akamwambia, "Dada, mtoto hachimbi kaburi la mama yake, ni mwiko." Akajibu, "Na ndugu kutegeana mabomu? Mwiko huo mbona hamkuuona?" Mmoja wetu akajaribu kusema kwamba Tombe ana mguu mmoja, akaambiwa, "Ana mikono miwili." Hayo ndiyo yalikuwa maagizo yake, na Jumanne tarehe 12 Machi 2013, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ameacha watoto wawili na wajukuu tisa, wanne wamebatizwa na watano wanafunga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa mgonjwa mwenye maoni, inawashukuru dobi wenzake waliosafiri kutoka Khartoum na pasipoti za nchi mbili, majirani wa Kator mliopika na kuteka maji, parokia kwa misa hii, mashehe kwa kukaa nasi tangu juzi, na akina mama wauza chai ambao wamegawa chai hapa msibani siku zote hizi na wamekataa kulipwa. Hajja Batul Idris, mwenye umri wa miaka sabini na saba, hakupewa ruhusa ya kuvuka mpaka, amepiga simu asubuhi, akalia, akashindwa kuzungumza, akampa mjukuu wake simu, mjukuu naye akashindwa.

Shukrani za mwisho ni kwa waliochimba kaburi. Leo alfajiri niliandamana nao mpaka Rejaf, kwa barabara ileile, Tombe amekaa mbele ya gari na Gore nyuma na majembe, na walichimba kimya, wakipokezana jembe kwa kulilaza chini, mmoja aliweke, mwingine aliokote. Kina kilipozidi Gore aliingia shimoni na Tombe akaketi ukingoni, mguu wa bandia ameuvua, akivuta udongo kwa mikono, na sisi tuliosimama pembeni tuliona kabla ya Gore mwenyewe kuona kwamba alikuwa akichimba kama anavyowachimbia watu wake wa Malakia, kaburi jembamba, na chini kabisa alikuwa ameanza kukata mwanandani kwa upande, mahali wanapolazwa Waislamu, wasiozikwa na sanduku. Tombe alilitazama shimo lile, uso wake ukabadilika, nami naungama kwamba niliogopa, nikasema moyoni, vita vimerudi, vimemfuata mama mpaka humu. Kisha akasema, "Gore. Mama ana sanduku." Gore akasimama, akaitazama kazi yake, akajifuta jasho na kusema, "Nimesahau, kaka. Nipanue wapi?" Tombe akasema, "Huku kichwani." Gore akapanua. Akauliza kama pale kando apafukie, na Tombe akajibu, "Paache hivyohivyo."

Hayo ndiyo maneno yao yote, hatukusikia mengine, na wala sisi si watu wa kuyaongezea. Sasa tunaomba wabebaji wajiandae. Pumzika kwa amani, Mama Mkubwa Kiden.